Siku Nzengo Ilipomtenga Masanja

Naikumbuka siku niliyokubali mdogo wangu atengwe, mwanangu, na hata leo natamani ningekataa. Nzengo yetu, yaani majirani wote wa kitongoji, ilikaa kumhukumu Masanja, mdogo wangu huyo. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamepotea. Hakuna aliyemwona mwizi, lakini jina lilishapatikana kabla ya kikao.

Masanja alikuwa na doa, sikatai. Alikamatwa machimboni Rwamgasa akiiba mawe ya dhahabu kwenye shimo la wenzake. Hakimu hakumfunga, alimweka chini ya afisa probesheni, aishi kwangu na afanye kazi za jamii. Basi akawa anajenga zahanati pamoja na wawili wenye makosa kama yake, fundi wa kijiji akiwafundisha. Mimi niliona ni mchezo tu. Lakini miezi haikupita mingi nikamkuta akibishana na fundi juu ya pembe ya ukuta, nikacheka peke yangu kwa furaha. Jioni alirudi na udongo hadi kwenye kope.

"Kaka, sasa wananiita fundi! Hata Mama Kabula, aliyekuwa akifungia kuku akiniona."

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na kijana wetu alikuwa anasimama.

Sasa wajua kwetu: aliyetengwa na nzengo haazimwi jembe, hagawiwi moto, hata salamu hapewi. Anayemficha hutengwa naye. Kikaoni siku ile, mzee wa nzengo akanigeukia: "Baba Kulwa, uko na sisi au na mwizi wako?"

"Mwacheni," mmoja akatania, "labda nyama wanakula wote!"

Watu wakaangua kicheko. Nikaona haya, nikasema niko nao.

Kesho yake afisa probesheni, binti mpole, akaja. "Shikamoo baba. Mahakama imemrudisha kwenu mumlee. Mkimtenga, mnamrudisha alikotoka."

"Marahaba. Wewe hulali hapa kijijini," nikamjibu, kwa kiburi cha mtu aliyejua amekosea.

Masanja alifunga nguo zake. Akaenda Rwamgasa, kwa watu waliompokea bila kumuuliza kitu, akaiba tena, safari hii akiwa na panga. Akafungwa. Ng'ombe? Walionekana mbugani wiki ileile, wakila majani kwa raha zao. Nilikwenda gerezani kumwomba radhi. Akakataa kutoka kuniona.

Wenzake wawili walimaliza zahanati. Mmoja anajenga nyumba za watu Geita, mwingine amezeeka na mifugo yake. Hawakurudi mahakamani.

Kwa hiyo, mwanangu, wakikuuliza kama hizi kazi za jamii zinamgeuza mkosaji, waambie nimeona zikiwageuza waliokuwa na watu wa kurudi kwao. Tofali hufundisha mikono. Moyo hufundishwa na jirani anayekuitikia. Akirudishwa kwenu aliyekosea, mpe kazi, mkaripie akizembea, mcheke akikosea ukuta, lakini usimkabidhi kwa wenye kelele kabla hujauliza ukweli uko wapi. Aibu ya kikao huisha watu wakitawanyika.

Mungu akupe moyo mpana na ulimi mzito wa kuhukumu. Akujalie ndugu wa kuzeeka nao. Mimi nilikuwa na mmoja tu. Alifia gerezani akiwa hajanisamehe.