Fedha ya Zabibu za Mama

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa na miaka thelathini na mbili, nimeketi na mama yangu kwenye roshani ya ghorofa ya pili, bahari iko chini yetu, na mezani kuna bahasha nne za kaki. Tulikuwa Saiprasi, kisiwa cha Bahari ya Mediterania. Mama alikuwa akinywa chai niliyoichemsha mwenyewe, maana nilikuwa nimeshakokotoa kwamba chai ya mgahawani ingetumaliza. Mwanangu, naandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe. Nitaeleza kwa mpangilio, kama ninavyopenda mambo yaende.

Safari ile haikuwa yangu. Kulikuwa na injinia wa visima, mtu wa Saiprasi, aliyefanya kazi miaka minne kwetu Chamwino, Dodoma. Mama alikuwa mpishi wake. Mkataba ulipokwisha, yule injinia alimwambia mama kuwa lazima naye aje akale kwake. Wengi husema hivyo wanapoaga. Yeye alituma tiketi mbili, moja ya mama na nyingine ya mtu wa kumsindikiza na kumtafsiria, na akatupa nyumba ya kulala siku kumi. Sisi tulitakiwa kuja na fedha ya matumizi tu.

Fedha hiyo aliitoa mama. Alikuwa na ekari moja ya zabibu Chamwino, na mavuno ya Machi yalikuwa yameuzwa vizuri. Alinikabidhi yote akasema, "Wewe ndiye mtu wa hesabu. Panga."

Nikapanga. Sikusomea uhasibu. Nilijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyejifundisha. Watu waliniambia nibebe dola kwa kuwa zinapokelewa kila mahali. Nikakataa, kwa sababu kule wanatumia euro, na mtu anayebadilisha mara mbili anakatwa mara mbili. Tulipata euro mia sita na arobaini. Nikaweka mia mbili za chakula, sitini za usafiri, mia moja za dharura, na mia mbili na themanini za zawadi.

Soma tena hiyo ya mwisho, mwanangu. Zawadi zilizidi chakula chetu.

Ilikuwaje? Habari za safari zilipofika Makole, mtaa wa mjini nilikokuwa nikiishi, kila niliyekutana naye aliuliza swali moja: "Utaniletea nini?" Binamu yangu alitaka pafyumu, "ile ya kwelikweli, usinidanganye na ya stendi." Shangazi alitaka viatu vya kanisani. Jirani ambaye hata jina la ukoo wake sikulijua alitaka saa. Hakuna hata mmoja aliyetoa senti. Hakuna aliyeuliza kama mama ana koti la ndege. Nami, badala ya kuwajibu kama mtu mzima, nilitoa daftari nikaandika majina ishirini na matatu. Nilijiona mtu mkubwa kwa kuletewa haja za watu.

Sasa nirudi kule roshani. Siku iliyotangulia tulikuwa tumekwenda sokoni. Mama alisimama mbele ya meza ya bibi mmoja aliyekuwa akiuza majani ya mzabibu, yamefungwa mafungumafungu kama tunavyofunga mboga. Mama hakuamini.

"Wanakula majani?" aliniuliza. "Sisi tunawapa mbuzi!"

Akamwamkia yule bibi kwa Kigogo, "Mbukwa," na yule bibi akamjibu kwa lugha yake, wakashikana mikono. Mama akaonyesha kwa vidole jinsi anavyokata matawi ya zabibu zake. Yule bibi akacheka, akaonyesha naye, halafu akanyoosha mkono kuelekea milimani. Walizungumza hivyo robo saa nzima, na mimi mtafsiri nikabaki nimesimama na mfuko wa nyanya.

Mama alikuwa na sababu. Yule injinia alishamweleza huko Chamwino kwamba kwao milimani zabibu hazimwagiliwi maji na wala hazitambazwi kwenye waya. Mche unasimama wenyewe, mfupi kama kichaka, kwenye mawe na jua. Wewe unayelijua jua la Dodoma unaelewa neno hilo lina uzito gani. Kisima alichotegemea mama kilikuwa kimeanza kutoa maji machache. Ekari ile ndiyo iliyotusomesha mimi na dada yangu.

Basi asubuhi ile, mama aliweka kikombe chini.

"Baba," akaniambia, ndivyo alivyozoea kuniita, "nipeleke nikayaone hayo mashamba."

Injinia alikuwa ameitwa kazini ng'ambo siku ya tatu, lakini alituachia namba ya dereva wa kijiji chake. Nilimpigia. Siku nzima, kwenda na kurudi na kutupitisha mashambani kwa ndugu zake, euro themanini.

"Haitawezekana, mama," nikasema. "Bahasha ya usafiri imebaki na arobaini na mbili."

"Na hiyo nene?"

"Hiyo ya zawadi. Haiguswi. Nimeshaahidi watu."

"Umeahidi wewe au mimi?"

"Mama, tutachekwa. Tutarudi mikono mitupu kutoka Ulaya?"

"Na ya dharura?"

"Hii si dharura."

Hakugomba, mama yangu hakuwa mtu wa kugomba. Alisema, "Haya," akachukua kikombe kwenda kukiosha. Siku ile na mbili zilizofuata tulishinda madukani. Yeye alikaa kwenye benchi nje na mifuko miguuni, mimi ndani nalinganisha bei za pafyumu. Nililinganisha vizuri sana. Nilipata punguzo.

Tuliporudi, niligawa zawadi sebuleni kwangu Makole. Binamu alifungua chupa, akanusa, akasema, "Ndo kadogo hivi? Haya bwana, na sisi tumekumbukwa." Shangazi alivaa kiatu kimoja akanyoosha mguu watu wote waone. "Ulifikiri nina mguu wa mwanafunzi?" Watu wakacheka. Jirani wa saa alichukua saa, akauliza kama kuna na mkufu wa mkewe. Ndani ya saa moja mia mbili na themanini zilikuwa zimekwisha, na aliyesema asante kwa moyo alikuwa mtu mmoja, mzee aliyepewa kofia.

Jumapili tukaenda Chamwino. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, naye alikuwa mkulima wa zabibu. Hakuuliza zawadi. Alivuta kigoda akakaa karibu na mama.

"Haya, tuambie. Mche wao unakaaje bila waya? Wanakata wapi?"

"Sikuona, kaka," mama akajibu. "Tulikuwa madukani."

Mjomba akanigeukia. "Madukani? Siku kumi?"

Nikaanza kueleza bahasha. Nilikuwa nimebeba na daftari, nikalifungua nimwonyeshe kwamba hakuna hata senti iliyopotea. Alilifunga kwa mkono wake.

"Hesabu zako sina shida nazo. Nakuuliza, nani alilima hizi zabibu?"

"Mama."

"Nani aliitwa na yule mzungu?"

"Mama."

"Kwenye daftari lako, jina la mama yako liko ukurasa gani?"

Halikuwepo. Majina ishirini na matatu, na la mwenye fedha halikuwepo.

"Umemfanya dada yangu mchukuzi," mjomba akasema. "Umemtoa hapa ukampandisha ndege akawabebee mizigo watu wa Makole. Toka mbele yangu, nitakuita hasira ikiisha." Hakuniita mwezi mzima.

Msimu wa tatu baada ya hapo kisima kilikauka. Niliagiza vitabu, nikatafuta picha za mashamba yale, nikampelekea mama. Alizitazama kwa makini, moja moja, akanirudishia. "Picha haionyeshi udongo," akasema, "wala sina wa kumuuliza." Tulijaribu kukata miche kwa kubahatisha, tukaua safu mbili. Mwaka uliofuata aling'oa iliyobaki akapanda uwele. Yule injinia alishafariki. Magoti ya mama hayapandi tena ndege.

Sijui kama siku moja milimani ingeliokoa lile shamba. Inawezekana isingeliokoa. Lakini ilikuwa haki yake kwenda kuona, kwa fedha yake, na mimi nilimnyima ili shangazi apate viatu visivyomtosha.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilipandisha sauti kwa kijana mmoja wa Ihumwa, mpaka mke wangu akatoka jikoni. Yeye na mkewe wamealikwa kwenye kisiwa cha bahari ileile, akaniletea simu nimkagulie bajeti. Ni nadhifu, ina rangi. Nusu nzima ni zawadi za wafanyakazi wenzake na ndugu. Mkewe anatamani kujifunza kuogelea. Nikamuuliza, "Ada ya mwalimu wa kuogelea iko wapi?" Akacheka, "Aa, mzee, hiyo tutaona hukohuko." Hukohuko hakuna kinachoonekana, mwanangu. Hukohuko kuna bahasha ulizokwisha kuzifunga.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujaandika tarakimu yoyote, muulize mwenye safari anakwenda kufanya nini, na mstari wa kwanza uwe huo, kwa bei kamili, ukiwa umepiga simu kuiulizia. Chakula kifuate, usafiri ufuate, na akiba ya ugonjwa isiguswe. Zawadi ziandikwe mwisho kabisa, kwa kitakachobaki, na kisipobaki kitu usione haya. Anayekuuliza utamletea nini, mjibu palepale kwa adabu kwamba huahidi. Akinuna, mwache anune, hakukupa nauli. Na ukishika fedha ya mtu, hasa ya mama yako, kumbuka umeshikishwa tu. Ukipanga bila kumuuliza umemwibia, hata kama hesabu inafunga hadi senti ya mwisho.

Mungu akujalie safari, mwanangu, na akupe ulimi wa kuwaambia ndugu hapana. Akuwekee wazazi wako wenye magoti mazima hadi siku utakayoweza kuwapeleka, na siku hiyo ikifika, akupe moyo wa kuwauliza wanataka kwenda wapi, na kuwafikisha huko.