Niliwaonesha Wageni Pa Kujenga

Nimekosa, jamani. Nimekosa na sina wa kumsingizia.

Mimi ni mama, mkulima wa alizeti upande wa Nduguti. Mwaka ule wa ukame ilikuja familia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, mbavu nje. Kwao malisho yalikuwa yamekwisha. Mama wa familia hiyo, Mama Kulwa, alifika kwangu na mama mkwe wake, bibi kizee asiyeona vizuri.

"Dada, sisi wageni. Tujenge wapi?"

Juu kwenye mwinuko palikuwa na nafasi, jirani na shamba letu. Lakini nikawaza: ng'ombe wale si watamaliza alizeti yangu! Nikawapeleka bondeni, kando ya korongo.

"Masika maji hayafiki hapa?"

"Hayafiki."

Mungu wangu! Nilijua yanafika. Nimezaliwa hapa.

Mume wangu alipoona wanasimamisha nguzo aliniuliza, "Umewaambia habari ya korongo?"

"Watajionea wenyewe, watahama."

Nilidhani yatalowesha magodoro tu. Naye akachukua jembe lake, akaenda shambani.

Kila nikienda kuchota maji nilimpa bibi shikamoo, naye ananibariki. Mawingu yakaanza kujikusanya. Ningeweza kusema. Kila siku ningeweza kusema!

Mvua ilinyesha huko mbali; kwetu halikuanguka hata tone. Mchana tukasikia mngurumo, tukadhani lori; kumbe ni maji yanashuka korongoni. Mama Kulwa, mumewe na watoto walikuwa malishoni. Bibi alikuwa amelala ndani.

Tulimkuta chini kabisa ya korongo, amenaswa kwenye miiba.

Baada ya mazishi walihama tena, safari hii Katavi. Mama Kulwa alinikumbatia huku analia. "Dada, wewe ndiye uliyetupokea." Afadhali angenipiga!

Tangu hapo mume wangu hali chakula pamoja nami. Hanilaumu.

Juzi simu iliita. Mama Kulwa. Wadogo zake nao ukame umewashinda, wanahamia huku na watoto wao.

"Nimewaambia wakuulize wewe pa kujenga," akasema. "Wewe unapajua."

Nilifungua mdomo nimwambie. Sikuweza! Nikaishia kusema karibuni. Wako njiani sasa hivi, na mimi hata usingizi sipati.

Wenzangu, kama humtaki mgeni, mwambie usoni aende. Atakasirika, atakutukana, lakini ataondoka na watu wake wote. Mimi nilitabasamu.