Macho ya Shangazi Kwenye Ukuta wa Watu

Shangazi yangu anapiga picha za vitambulisho, na mtaa mzima unamwita Usicheke. Ndiyo neno lake! Ukikaa tu kwenye stuli yake, hata pumzi hujavuta: "Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke." Sasa mtu akishaambiwa asicheke ndiyo anacheka mpaka machozi, jamani, na yeye anasubiri, kamera mkononi, amenuna kama mwalimu wa zamu. Studio yenyewe ni chumba kimoja: pazia jeupe, taa mbili, kioo kimepasuka pembeni, na chanuo limefungwa kwa kamba lisiibiwe. Limeibiwa mara mbili, na kamba yake.

Halafu anajua nyuso huyo! Jina lako atalisahau hapo hapo ulipomtajia, ila uso wako anao hata miaka kumi. Anakwambia, "Wewe jicho la kushoto ni dogo," unaenda kujitazama kwenye simu, unakuta kweli ni dogo, na amani yote kwisha.

Lakini kuna uso mmoja hakuwahi kuutaja mpaka mwaka huu.

Miaka kumi na mbili iliyopita alikuja fundi bomba. Mkewe amefariki, amemwachia kichanga wa miezi minne. Alikuwa na picha moja tu ya marehemu: wanawake tisa nje ya kiwanda cha nguo, na mkewe yuko nyuma kabisa, uso kama punje ya mahindi.

"Nikuzie uso wake, dada," akasema. "Mtoto asije akakua hamjui mama yake."

Shangazi akamjibu hakuna shida. Anasema hapo ndipo alipoharibu, si baadaye. Maana alipoikuza, nywele zikatoka, shingo ikatoka, masikio yakatoka vizuri tu, ila katikati ni ukungu mtupu. Angesema haiwezekani, yangeisha. Akaona aibu. Na kompyuta yake ilikuwa imejaa picha zake mwenyewe, kwa sababu mpiga picha akijaribu taa anajipiga yeye, nani mwingine atakaa pale bure? Umri uleule, rangi ileile, uso wa mviringo. Akachukua macho yake, pua yake, mdomo wake, akavipachika penye ukungu, akalainisha kingo.

Fundi bomba akaishika ile fremu, akaisogeza kwenye mwanga. Mwisho akasema, "Ndiye." Akalia. Shangazi naye akalia, na yule baba akadhani ni huruma. Tangu hapo Shangazi akimwona njiani anavuka barabara.

Basi mwaka huu, mchana, kaingia msichana na sare mpya, anataka picha ya kitambulisho cha shule. Kola imejikunja. Shangazi kainama kumnyooshea, uso kwa uso, chini ya taa.

"Shikamoo," msichana akasema.

"Si umeshanisalimia mlangoni?"

"Samahani. Umefanana na mama yangu. Sana! Nyie ni ndugu?"

"Mama yako yuko wapi?"

"Ukutani." Akajicheka. "Yaani, alifariki. Picha yake iko sebuleni. Wewe ni yeye kabisa, ila umenenepa."

Shangazi anasema aliiachia ile kola. Mtoto anamwangalia kwa furaha, kama mtu aliyeokota ndugu! Angeweza kusema ndiyo, sisi ni mabinamu wa mbali, akampiga picha yake, yakaisha. Mdomo alishaufungua kabisa.

Akazima taa, akavuta stuli ya pili, akamwambia yote.

Msichana hakulia. Aliuliza kimoja kimoja, kama anakagua mzigo.

"Nywele?"

"Zake."

"Shingo?"

"Yake. Na masikio ni yake, mwanangu, hata wewe unayo."

Msichana akajishika sikio. "Macho?"

Shangazi akatikisa kichwa.

"Mdomo?"

Shangazi akaufunika wake kwa kiganja.

"Mimi huwa naongea na ule mdomo," msichana akasema.

"Nisamehe, mama. Leo leo nafunga studio, nakuja kumwambia na baba yako."

"Hapana! Usimwambie baba!" Alisimama mpaka stuli ikaanguka. "Kila asubuhi anamuaga kabla hajatoka na boksi lake la vifaa. Akijua, atamuaga nani?"

"Sasa wewe utafanyaje?"

"Nitanyamaza tu."

Shangazi alidhani akisema atapumua. Kumbe zamani alikuwa amebeba peke yake, sasa kamtwisha na mtoto wa miaka kumi na miwili. Ananihadithia huku anakata picha za watu, na siku hizi anazikata upande, inabidi arudie.

Juzi fundi bomba kamkuta mlangoni, hakupata pa kuvukia.

"Dada, za siku? Yule binti yangu siku hizi hataki kabisa kukaa sebuleni. Anakula chumbani. Sijui ana nini."

"Ndiyo umri wenyewe, kaka," Shangazi akamjibu, akaingia ndani.