Chewa wa Kilindini Aliyekataa Kuondoka

Nilikwenda Tanga kwa sababu mafundi wengine wote walikataa. Ilikuwa miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na deki za video zikajaa Morogoro mjini. Nami nilikuwa na kibanda cha kuzitengeneza jirani na soko. Siku moja akaingia Dk. Felista, mhadhiri wa mambo ya samaki, amekumbatia kamera iliyofungiwa ndani ya chuma kinene kama mtungi wa gesi. Alitaka kuishusha baharini kwenye miamba ya matumbawe iliyo chini mno, ambako jua linafika kwa shida na mzamiaji hathubutu, ajue ni samaki gani wanaishi huko. Alihitaji fundi wa kukaa na mitambo botini.

"Unajua kuogelea?" akaniuliza.

"Daktari, mimi Mluguru wa Matombo. Kwetu maji yanateremka, hayakai."

"Basi usianguke," akasema, tukakubaliana.

Kabla ya kuondoka nilipanda Matombo kuaga, maana kwetu jambo kubwa halifanyiki bila mjomba. Nilimkuta Mjomba Kibwana anaanika karafuu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia unakwenda kuwapiga picha samaki."

"Ndiyo, wale wa chini kabisa, gizani."

"Kwani wamekukosea nini?"

Mama yangu, Bi. Zaituni, alinifungia ndizi mbivu, akaniuliza kama hicho chombo kina kuta.

Asubuhi tulitoka Morogoro kwa Land Rover, chuma kile nimekipakata. Chalinze askari wa kizuizi cha barabarani alikigongagonga.

"Nini hiki?"

"Kamera ya samaki, afande."

Aliniangalia, akamwangalia Daktari, akafungua kizuizi haraka kama mtu asiyetaka kusikia zaidi.

Tanga tulipokewa na Nahodha Makame, mwenye boti ya injini na maneno machache. Kazi ilikuwa hivi: kamera inashushwa kwa kamba pamoja na taa na kifuko cha chambo, picha, nyeusi na nyeupe, inapanda kwa waya hadi kwenye televisheni ndogo botini, deki inarekodi, na Daktari anataja majina ya samaki kwenye kipaza sauti ili yaingie kwenye kanda.

Siku ya kwanza taa ilimulika matumbawe mapana kama sahani, na tukashangilia. Kisha akatokea chewa. Alikuwa mkubwa kama gunia la mpunga, mdomo umenuna. Akala chambo, akageuka, akakaa mbele ya kioo cha kamera, akatutazama. Hatukuona kitu kingine mpaka jioni.

Kesho yake tulihamia upande mwingine wa mwamba. Chewa akaja. Tukatoa chambo kabisa. Akaja. Alikuwa ameipenda taa.

"Huyu sasa ni mfanyakazi mwenzenu," akasema Nahodha Makame.

Daktari hakucheka. Alikuwa ameomba safari hii miaka mingi, na wafadhili walishamwambia kwamba akirudi mikono mitupu, mradi unafungwa. Samaki mmoja, hata akiwa na uso kama ule, hakuwa utafiti.

Siku ya mwisho bahari ilichafuka. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni, ndizi zote za mama zimeshakwenda kwa samaki. Mchana, wimbi moja likanibiringisha, mguu wangu ukanasa waya wa taa na kuuchomoa. Televisheni ikawa giza.

"Fundi! Taa!" Daktari akapiga kelele.

Nikatambaa kuutafuta waya huku nalia waziwazi, sina aibu tena. Nilipoupata, Nahodha akasema polepole, "Daktari, hebu angalia."

Kile tulichodhani ni giza hakikuwa giza. Jua la mchana lilikuwa linafika kule chini, kidogo sana, kama mwanga chini ya mlango. Tuliona mkia wa chewa ukiondoka. Kisha matumbawe yakaanza kutoa watu wake: mmoja, kundi, makundi.

"Changu! Vipepeo! Mbono, kundi zima! Na huyu... simjui! Simjui!" Daktari alikuwa anaruka kwa furaha. Akaniona na waya mkononi. "Ukiuchomeka huo, nakutosa!"

Tulirudi Morogoro tunaimba. Nilipanda Matombo na nakala ya kanda, televisheni na jenereta ya kuazima, nikawasimulia jinsi nilivyozima taa kwa akili yangu ili kumfukuza chewa. Alasiri nyumba ya mjomba ikajaa watu. Samaki wakapita, sauti ya Daktari ikiwataja. Halafu, katikati ya mbono na vipepeo, ikatoka sauti yangu:

"Jamaniii! Mwambieni Bi. Zaituni mwanawe kafia baharini!"

Nilikuwa nimesahau kabisa kile kipaza sauti. Nyumba ililipuka kwa kicheko. Mama alijifunika khanga, mabega yanatikisika, kisha akaielekea televisheni: "Nyamaza, baba. Umesharudi."

"Rudisha pale anapolia," akaamuru mjomba. Nikarudisha. Nilirudisha mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.

Nilichojifunza ni kwamba huko chini kuna mwanga wa kutosha kwa waliozoea kuishi nao. Sisi ndio tuliowasumbua kwa taa. Mradi haukufungwa. Daktari anafundishia kanda ileile hadi leo, na kila mwanafunzi wake anayewajua samaki wa kilindini anamjua pia Bi. Zaituni wa Matombo.