Nyongeza Haimo Kwenye Asilimia

Siku aliyoshusha bei ya mchele kwa asilimia kumi, mama mmoja wa soko la Kagongwa alipoteza mteja wake mkubwa kuliko wote. Mteja huyo hakufuata bei ndogo zaidi mahali pengine. Alisogea hadi meza ya jirani, akalipa bei ya zamani kwa mchele uliokobolewa mashine ileile, akaondoka zake. Niliona kwa macho yangu, na nilikuwa na sababu ya kuangalia kwa makini: lile punguzo lilikuwa limetoka darasani kwangu.

Nafundisha hisabati darasa la sita. Tulikuwa tumefika kwenye asilimia, na mfano tuliokuwa nao ulikuwa wa duka kubwa linalouza televisheni, limeweka kibao cha punguzo, mwanafunzi atafute bei mpya. Watoto walipata jibu. Kisha mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo mwenye duka ukimwomba hapunguzi tena?"

"Hapunguzi. Bei imeandikwa."

"Sasa amepunguza nini?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka, lakini swali lilinikaa. Nikawaambia waachane na televisheni. Kila mmoja aangalie kitu kimoja kinachonunuliwa nyumbani kwao, aandike bei iliyotajwa kwanza na bei iliyolipwa mwisho, kisha tukokotoe punguzo pamoja. Niliona nimepata njia rahisi.

Majibu yalipokuja, ubao ulinishinda. Watoto wawili walikuwa wamenunuliwa kandambili za aina moja, kwa muuzaji mmoja, na wote walilipa elfu kumi na mbili. Wa kwanza baba yake alitajiwa elfu ishirini, wa pili mama yake alitajiwa elfu kumi na tano. Kwa hesabu, yule wa kwanza alipunguziwa asilimia arobaini, wa pili asilimia ishirini.

"Nani kapata nafuu zaidi?" niliuliza.

"Mimi!" akasema wa kwanza.

"Nafuu gani? Baba yako kaonekana mgeni, kapigwa bei ya mgeni," akajibu wa pili. "Hela mmetoa sawa na sisi."

Hesabu ilikuwa sahihi na yule mtoto naye alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimeshika chaki. Mwingine ambaye baba yake anachimba dhahabu huko Geita akasema kwao ni kinyume. "Baba anasema yeye ndiye anayepunguzwa. Mnunuzi akishapima dhahabu anakata uzito kwanza, halafu ndiyo anataja bei." Nikaandika jibu lake pembeni ya ubao, nikalifuta, nikaliandika tena.

Ndipo akasimama binti wa yule mama muuza mchele. Ni mtoto anayependa mambo yanyooke. Alisema mchele wa mama yake hauna bei mbili. Unapimwa kwa sado, ile ndoo ndogo iliyokuwa ya rangi, na sado moja ni elfu kumi kwa kila mtu. Lakini mama akishajaza na kupitisha kiganja juu ili mchele ulale sawa na mdomo wa ndoo, huchota tena viganja viwili na kuongeza kwenye mfuko wa mteja.

"Hiyo nyongeza niiandike wapi, mwalimu? Bei haijashuka."

Tuliazima mzani, akaja na mchele kutoka nyumbani, tukapima. Viganja viwili havikufika hata asilimia saba ya sado. Nikawaeleza kwamba ili hesabu itoke vizuri, kitu kimoja tu kibadilike: ama bei ishuke na kipimo kibaki, ama kipimo kiongezwe na bei ibaki. Nililisema kwa faida ya hesabu. Binti akalichukua kama lilivyo.

Mavuno mapya yalikuwa yameingia na sokoni mchele ulikuwa mwingi. Kumbe nyumbani binti akamshawishi mama yake: tupunguze asilimia kumi, sado iwe elfu tisa, watu watajaa. Mama alikubali. Baadaye aliniambia alikubali kwa kuwa alifurahi kumwona mtoto anaelewa kitu cha shule ambacho na yeye anakielewa.

Jumamosi nilikwenda kuona. Kipande cha boksi kilikuwa kimechomekwa kwenye rundo la mchele: PUNGUZO 10%. Binti ndiye aliyekuwa akipima, na badala ya kiganja alipitisha rula yake ya shule juu ya sado. Watu walisoma, wakapita. Mwanaume mmoja alichukua punje, akazinusa, akauliza kama mchele umenyeshewa.

Kisha akafika mama lishe. Huyu anapika karibu na yanapoegeshwa malori ya Isaka, na kwa miaka mingi alichukua mchele wake kwenye meza ile, sado nyingi kwa mara moja. Malipo yake ndiyo yaliyomwezesha muuzaji kuchukua gunia jingine mashineni. Wengine walikuja na kupotea, ila yeye alikuwa wa uhakika.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia muuzaji kwa Kisukuma, akimwita mama, huku akifungua mfuko.

Binti akajaza, akapitisha rula, akamimina. Akajaza ya pili. Mama lishe alibaki ameushika mfuko wazi.

"Mbona mkono hauji?"

"Nyongeza haipo leo, mama. Tumepunguza bei. Ukihesabu, umepata faida kuliko siku zote."

"Mayu," mama lishe akamwambia muuzaji, si mtoto, "mkono wako umeumwa na nini?"

"Haujaumwa. Mtoto kasoma."

"Asome. Kwani kusoma kunakata mkono?"

Watu wakacheka. Muuzaji naye akacheka, akaangalia rula, akaniangalia mimi. Akapeleka mkono kwenye mchele. Kabla hajachota, jirani aliwahi kupaza sauti: "Njooni kwetu tusiosoma! Huku asilimia hamna, nyongeza ipo!"

Mama lishe akalipia sado mbili zilizokwisha kupimwa, akasogea kwa jirani kununua zilizobaki. Kwa elfu kumi kila moja. Jirani aliongeza viganja vyake kwa mbwembwe, mkono juu kabisa, ili sote tuone.

Binti alinivuta pembeni. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mwalimu, si amelipa zaidi? Hata na nyongeza, si amelipa zaidi?"

"Amelipa zaidi."

"Sasa nimekosea wapi?"

Nilipitia hesabu yake nikiwa nimesimama palepale, mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Nilimwambia hivyo, na nikaona haikumsaidia.

Kibao kiliondolewa siku hiyohiyo. Bei ikarudi elfu kumi, viganja viwili vikarudi, na wateja wa kupita wakarudi pia kama vile hakuna kilichotokea. Mama lishe hakurudi. Gunia lililofuata muuzaji alilichukua kwa kugawana na mwenzake, nusu kwa nusu, na akamwambia binti asisogelee sado.

Nilikwenda kula kwa mama lishe nikiwa na nia ya kuuliza. Alinipa maji ya kunawa, nikamuuliza moja kwa moja kama aliona bei ya siku ile ilikuwa kubwa.

"Bei ilikuwa nzuri," alisema. "Nilihesabu, mwalimu. Mimi nahesabu kila siku hapa."

"Kwa hiyo ulikasirika?"

"Na nani? Na mtoto yule? Mtoto mzuri."

"Basi kwa nini hurudi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua kila mtu, akasema, "Mkono hauombwi, mwalimu. Kula, chakula kinapoa," akaenda kuhudumia madereva. Nilimsubiri. Hakulirudia.

Darasani tumemaliza asilimia na sasa tuko kwenye maumbo. Kwenye jaribio binti alipata maswali yote ya punguzo. Alipokuja kuchukua karatasi yake aliuliza kama naweza kumwombea msamaha kwa mama yake. Nilikwenda, na mama akamruhusu kurudi mezani, kwa sharti kwamba rula ibaki nyumbani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni tena. Mama lishe alipita, akasimama mbele ya meza yao, akasalimia, akamuuliza binti habari za shule. Akatia mkono kwenye mchele, akauacha upite kati ya vidole.

"Bei gani?"

"Elfu kumi, mama," binti alisema. Kisha akaongeza haraka, "Na nyongeza."

"Haya. Nitarudi."

Ilikuwa asubuhi. Nilipoondoka, jua lilikuwa limepita utosi, jirani alikuwa ameanza kufunika mchele wake, na binti alikuwa bado amesimama na sado mkononi, akiangalia upande wa malori.