Salfa ya Saa Sita Mchana

Kwa miaka sita Mwalimu Jesca alifundisha Baiolojia pembezoni mwa Likombe bila jaribio lake hata moja kwenda kombo. Siri ilikuwa nyepesi: matokeo aliyaandika ubaoni kwanza, jaribio likafuata ikiwa muda umebaki.

Likizo moja alijiunga na watafiti wa korosho. Kwa wiki tano alihesabu majani yenye ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Siku aliporekebisha tarakimu tatu ili jedwali lipendeze, mtafiti Beatrice aliuchana ukurasa mbele yake.

"Dada, mikorosho haijasoma kitabu chako."

Aliporudi shuleni, Kidato cha Tatu walianza kupuliza salfa, unga wa manjano wa kuzuia ubwiriunga, kwenye tawi moja la mkorosho wa shule, wakaliacha la pili, wakahesabu majani kila Jumanne. Mkuu wa shule, Innocent, aliyeamini kuwa mada iliyonakiliwa imeeleweka, alimwonya: mthibiti ubora asiporidhika, darasa linakwenda kwa Mwalimu Elisha.

Mthibiti, Bwana Fadhili, alifika siku ya hesabu ya mwisho. Tawi lenye salfa lilikuwa jeupe kwa ukungu, kama limemwagiwa unga. Lisilopulizwa lilinawiri.

Mkuu alimsogelea Jesca. "Badilisha vibandiko vya matawi, mwalimu. Nani atajua?"

Mkono wa Jesca uligusa kibandiko, ukarudi.

"Andikeni mlichokiona," aliwaambia wanafunzi. "Kisha mniambie nimekosea wapi."

Hawa, binti wa wakulima, hakuhitaji kufikiri. "Madamu, tulikuwa tunapuliza saa sita mchana."

"Ndivyo ratiba inavyosema."

"Saa hizo upepo umeshaamka, salfa yote inahamia kwa jirani. Sisi tunapuliza alfajiri, umande ukiwepo, ishike. Baba angekufukuza shambani."

Darasa likacheka. Jesca, mtu wa Njombe aliyelelewa kwa viazi, alicheka pia, akaomba leso ya Mkuu bila kusubiri jibu. Akafuta nayo jani la tawi lisilopulizwa. Leso ikatoka ya manjano.

"Alfajiri saa ngapi hasa?" Bwana Fadhili alimuuliza Hawa, akiandika nyuma ya fomu ya serikali. Alikuwa na mikorosho yake arobaini, na msimu uliopita alivuna majani.

"Saa kumi na mbili, mzee. Isizidi."

Akamgeukia Mkuu. "Darasa abaki nalo Mwalimu Jesca. Jaribio lirudiwe saa kumi na mbili asubuhi. Ufunguo wa geti anakaa nao nani?"

Wanafunzi wote walimtazama Mkuu, ambaye hakuwahi kumwachia mtu mwingine ufunguo huo.