Aliyemwambia Mhubiri

Mama Futi alikuwa na mdomo, na hilo tuliseme mapema kabla hatujamsifu. Kwenye cherehani hakuwa na mpinzani. Jina lenyewe alipewa kwa ajili ya futi ya kupimia aliyoivaa shingoni kutwa, hata sokoni, hata msibani mara moja mpaka shemeji yake akamvuta pembeni kumwomba aivue. Mteja akisimama mbele yake na kuinua mikono, alipimwa kifua, kiuno na nyonga, na huku akipimwa alisema yake yote. Labda mtu akishainua mikono huona keshakamatwa, basi bora akiri.

Vipimo vya kila mtu viliandikwa kwenye daftari, vipya chini ya vya zamani. Kwa hiyo Mama Futi alijua nani ananenepa kwa raha, nani ana mimba kabla mwenye mimba hajaitangaza, na nani anakonda. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwaka ule watu waliogopa hata vivuli vyao. Kiwanda cha mabati kilikuwa kimepunguza wafanyakazi mara mbili, na mara ya tatu ilikuwa inanong'onwa. Kulikuwa na homa ambayo madaktari wenyewe walisema bado wanaichunguza. Kila asubuhi simu zilileta ujumbe wa kutisha, na chini yake, "Mtumie na mwenzako." Ndipo mhubiri mmoja akaja na kipaza sauti, akasimama kona, hatua kumi kutoka mlango wa Mama Futi.

Mwanzoni walimcheka. Kinyozi aliongeza sauti ya redio. Mwenye duka la dawa alimwomba asogee, maana wagonjwa walikuwa hawasikii dozi zao. Wapita njia walivuka barabara wakijifanya wanaongea na simu. Yeye akahubiri tu, jasho likimchuruzika ndani ya koti lake la pekee, na akimaliza alikuja kukaa kwenye benchi la Mama Futi anywe maji. Siku moja Mama Futi aliona bitana ya koti imechanika, akamwambia alivue amshonee. Sasa, mikono ya yule mama ikishona, mdomo nao hauketi.

"Mtumishi, niombee watu," alimwambia. "Simtaji mtu jina. Kuna binti ana mimba, kwao hawajui. Kuna mzee amepunguzwa kiwandani, kila asubuhi anaaga mkewe kama anakwenda kazini. Na kuna mama mmoja anaisha. Januari kiuno thelathini na sita, leo ishirini na tisa. Mumewe hana habari."

"Nitawaweka kwenye maombi, mama," mhubiri akasema, akafumba macho pale pale.

Hakuwa tapeli, tumwondolee hilo. Alifumba macho kwelikweli. Tatizo ni kwamba alikuwa mtu wa kuombea kwenye kipaza sauti.

"Kuna mwanamke mtaa huu!" alinguruma kesho yake. "Mwili unamwisha ndani ya nguo, na mume wake hajui!"

Kinyozi alizima redio. Wanawake wawili waliokuwa wanapita walijishika viuno. Mguu wa Mama Futi ukasimama juu ya pedali ya cherehani. Ilimpasa atoke saa ile ile amwambie, mtumishi, yale yalikuwa ya siri. Hakutoka. Kinyozi alipokuja mbio kumuuliza, "Umemsikia? Huyu anaona!" yeye alijibu, "Makubwa!" akainamia sindano. Kwa kuwa akisema ametoa siri za wateja, nani atainua tena mikono mbele yake? Alikuwa mjane, na wateja ndio waliokuwa kazi yake na ndugu zake.

Siku mbili baadaye ikatoka ya binti, kisha ya mzee. Zote zilikuwa kweli, na mtaa ukashikwa na hofu. Hakuna aliyecheka tena. Watu walipita kona vichwa chini wasije wakaonwa, akina mama waliwafunika watoto nyuso kwa khanga. Kinyozi yule yule alimpelekea mhubiri maji, akampa kwa mikono miwili.

Mke wa Fundi Pancha alikuja mchana mmoja, rangi imemtoka. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mcheshi, mtu wa kucheka kwanza ndipo asalimie. Siku hiyo alisahau vyote viwili.

"Mama, yule aliyetajwa ni mimi. Ameniona."

"Nani kasema ni wewe?"

"Nipime."

Ishirini na nane. Mama Futi aliisoma futi mara mbili.

"Nenda hospitali, mwanangu. Leo."

"Nikienda nitaambiwa, na nikiambiwa itabidi nimwambie mume wangu. Amemzika kaka yake juzi kwa homa hii hii, hata kula hali. Ngoja apumue kidogo. Gauni hili nitilie bitana mbili, mama, na mikunjo hapa mbele, nisionekane."

Maneno yalimfika Mama Futi kooni: hakuoni mtu, ni mimi niliyemwambia. Aliyameza. Akashona bitana mbili na mikunjo minane, akalipiga pasi lile gauni, na akalishona vizuri, hilo ndilo baya. Mwalimu alitoka mlangoni na umbo lake la Januari.

Wiki tatu hazikuisha. Alianguka darasani, mbele ya watoto, na siku ya pili akafa.

Wanaume walitoka makaburini wakaja moja kwa moja mpaka kona. Fundi Pancha alikuwa mbele, mkononi ana chuma chake cha kutolea matairi.

"Ulijuaje habari za mke wangu?"

"Sikumtaja mtu, ndugu yangu," mhubiri alisema. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, na bila hicho sauti yake ilikuwa ndogo.

"Amemtamkia kifo! Mchawi huyu!" kinyozi akapiga kelele.

"Sema ulijuaje!" Fundi Pancha akamkamata ukosi wa koti.

Macho ya mhubiri yalipita juu ya vichwa vya watu mpaka mlangoni kwa Mama Futi, yakakaa hapo kidogo, kisha akayashusha.

"Siwezi kusema," akajibu.

Mama Futi alishika mwimo wa mlango. Aliogopa chuma kile. Aliogopa nyuso, maana wenye nyuso hizo wote alikuwa anawajua, kifua na mabega na kiuno, na leo hakuutambua hata uso mmoja. Angenyamaza tu. Lakini kipande cha tofali kiliruka, kikampata mhubiri begani, akapiga goti, na watu wakasogea wote kwa pamoja. Mama Futi akajikuta barabarani.

"Ni mimi!" alipiga ukunga. "Mwacheni! Haoni kitu huyu! Mimi nilimpima mwalimu, nikamwomba amwombee!"

Watu walisimama. "Kumbe!" mwanamke mmoja akasema. Fundi Pancha alimwachia mhubiri ukosi, akageuka, akamjia Mama Futi taratibu. Yeye alifumba macho akasubiri chuma.

"Ulimpima lini?"

Sauti ilikuwa ya chini sana. Akafumbua macho.

"Januari. Halafu Aprili. Halafu mwezi uliopita."

"Ukaona anaisha."

"Niliona, baba."

"Ukamwambia huyu."

"Ili amwombee."

Fundi Pancha alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa maelekezo ya njia.

"Kibanda changu kiko wapi, Mama Futi?"

Kilikuwa ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na cherehani yake. Kutwa alikuwa akimwona pale akiziba matairi, na asubuhi walipungiana mkono. Mama Futi alinyoosha kidole.